Ubingwa wa Ulaya Uliochezwa Uvira

Mwaka baba yangu alipopotea ziwani nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Kalundu nzima, bandarini kwetu Uvira, ilinuka ndagala, hao dagaa wa ziwani, walioharibika. Mvua ilikuwa imekataa kupumzika. Ndagala walioanikwa mchangani wakinyeshewa hawageuki chakula tena. Wanageuka uji wa kijivu wenye mafuta, na harufu yake inaingia kwenye nywele, kwenye mkeka, hata kwenye ugali. Mama aliishi kwa kuanika. Tulikwenda shuleni tukinuka hivyo, na wasichana wa mjini walitupisha njia wakishika pua. Ninasema haya mapema ili mtu asidhani ninasimulia utoto wa asali.

Kitu kimoja tu hakikunuka: uwanja wa saruji nyuma ya shule ya masista. Kulikuwa na nguzo mbili za bomba, na juu yake vyuma vya mviringo ambavyo fundi wa magari alivichomelea. Sista mmoja kutoka Ulaya, kijana bado, mrefu kupita wanaume wetu wengi, alitufundisha pale mpira wa kikapu. Tulimwita Masera, yaani sista. Kwao, alisema, wanawake wa nchi zote za Ulaya hukutana kushindana, taifa kwa taifa, na watu wazima huacha kazi kwenda kuwatazama. Alikuwa na redio ndogo aliyoibana sikioni wakati wa mashindano hayo, amekunja uso kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa. Mwaka ule akaamua kwamba na sisi tutacheza ubingwa wa Ulaya. Akatugawa: hawa Italia, hawa Polandi, hawa Ufaransa. Mimi nikawa kapiteni wa Bulgaria. Hakuna aliyejua Bulgaria iko wapi. Wengine walisema iko nyuma ya Fizi, unavuka milima, unauliza.

“Weye Bulgaria,” Furaha aliniambia asubuhi mstarini, “leo tutawapiga mpaka murudie kuanika ndagala.” Furaha alikuwa kapiteni wa Italia, binti wa mwalimu, mwenye viatu.

“Italia, funga kwanza kamba ya kiatu,” nilimjibu. “Ukianguka usiseme ni minye nilikusukuma.”

Lakini kwangu haukuwa mchezo. Masera alitangaza mbele ya wote kwamba kapiteni wa timu itakayoshinda ataenda shule ya kulala kule Bukavu, na ndugu zake wa Ulaya watamsomesha mpaka diploma. Nilikuwa darasa la nne, nimechelewa kuanza, na mama alikuwa ameshaniambia kwamba la tano halipo. Wenzangu walikuwa wanatafuta kikapu. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Wiki ya fainali baba akaenda kuvua, dhoruba ikapiga, mtumbwi ukarudi bila yeye. Kwetu, mtu akibaki majini bila kuonekana, nyumba yake inakaa chini. Moto unazimwa, watu wanalala kwenye mikeka, na mtoto wake hakimbii wala haruki, maana wazee husema kila kishindo cha mguu wake kinamsukuma baba chini zaidi. Ukoo unasubiri ziwa limrudishe. Likikataa, mgomba unazikwa badala ya mwili, ndipo kilio kinaisha. Baba mdogo ndiye aliyesimamia. Alikuja na mkeka wake, akakaa mlangoni.

Asubuhi ya fainali mama alinivuta nyuma ya nyumba. Sote tulikuwa tumenyolewa. Akanifungua kitambaa cha kilio kiunoni, akakificha ndani ya kikwembe alichojifunga.

“Namwezi, enda.”

“Na baba?”

“Baba yako alijua kuogelea kuliko weye unavyojua kuruka. Kama hakutoka, si weye utamuzamisha. Enda, mama.”

Nilicheza na kichwa kitupu, mvua ikinipiga. “Bulgaria imeleta yai,” Furaha alisema, na wasichana wakacheka, mpaka mmoja akamnong’oneza habari za baba yangu, naye akainama kufunga kamba ya kiatu. Italia walitutangulia, tukawafikia, wakatutangulia tena. Kikapu cha mwisho nilikitia mimi. Mpira ulizunguka chuma, ukafikiri, ukaingia.

Nilikuwa bado mabegani mwa wenzangu nilipomwona baba mdogo kwenye ukingo wa saruji. Hakuwa na fimbo. Alimwendea Masera, akavua kofia, akamweleza kwa upole kwamba mtoto huyu amekanyaga mgongo wa baba yake, na hatatoka nyumbani. Nikamwangalia Masera. Mwanamke yule alibishana na padri, alibishana na fundi, alibishana hata na mvua. Nilingoja abishane.

“Ninaheshimu mila zenu,” alisema.

Nadhani alilala vizuri. Gari la Bukavu lilipoondoka, Furaha ndiye aliyepanda. Alilia kuliko mimi, na simlaumu. Ila tangu hapo, mgeni akiniambia anaheshimu mila zangu, najua kuna kitu changu ameshampa mwingine.

Mgomba ulizikwa, kilio kikaisha, na shule nayo ikaisha. Baba mdogo alinipeleka Luberizi kufukuza ndege kwenye mpunga wake. Unasimama matopeni tangu alfajiri, unapiga debe, unapayuka, ndege wanaondoka na kurudi. Sauti yangu hii mbovu ilitengenezwa kule. Mama alisemwa na ukoo mpaka kaburini kwa sababu ya kile kitambaa. Yeye alinyamaza. Mimi nilijibu, mbele ya kila mzee, na wale waliobaki bado ninawajibu. Nilitoka Luberizi na gunia la mchele kichwani, nikaliuza Uvira kopo kwa kopo. Hakuna aliyenifundisha.

Mwaka huu mjukuu wangu alifungua televisheni, kumbe ni mashindano yale yale, wanawake wa Ulaya, taifa kwa taifa. Uwanja unang’aa kama sahani. Mchezaji akikaa tu, analetewa taulo. Katika timu moja kulikuwa na msichana mweusi kama sisi, mwenye mabega mapana.

“Koko, huyu iko mutu wa kwetu,” aliniambia mimi bibi yake.

“Iko mutu wa kule,” nilimwambia. “Angalia jezi.”

“Koko unajua basiketi?”

“Nilichukua ubingwa wa Ulaya.”

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nikamwacha acheke. Ningemwonyesha nini? Zile nguzo zilikatwa zamani zikauzwa chuma chakavu, na juu ya saruji wanalala watu waliokimbia vita huko Mutarule. Njia ya Bukavu yenyewe leo inapitika, kesho haipitiki.

Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kavimvira, bati lake jipya. Nina mitumbwi miwili yenye moteri. Nina mashine ya kukoboa mpunga Luberizi, na ng’ombe wachache kule milimani Rurambo kwa mtu ninayemwamini nusu. Nina televisheni na sahani zake za umeme wa jua. Nina watoto watano walio hai. Diploma sina. Wanazo vijana wanaokuja asubuhi kuniomba kazi ya kupakua samaki.