Mabonde Tisa Niliyoyaacha Nje ya Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye ofisi ya komini, yaani utawala wa kisiwa chetu, nikiwa nimevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi na suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Bwana Mpima Mkuu, aliyekuwa na dhamana ya kupima ardhi yote ya kisiwa, alinitazama kuanzia kichwani, macho yake yakaishia miguuni.

"Weye karani, ile viatu ni ya misa ao ya kazi?"

"Ya kazi, Chef."

"Basi jioni utarudi na nyuzi tu."

Alisema kweli. Kisiwa chetu, kilichomo katika ziwa mashariki mwa Kongo, ni mlima wa moto uliopoa zamani, na mawe yake yanakata kama msasa. Kabla ya saa tisa soli ya kushoto ilikuwa imeachama. Naandika haya kwa ombi la vijana wa chama chetu cha watu wa kisiwa hapa Johannesburg, ambao wengi wao wanadhani kazi ya ofisi ilikuwa kukaa kitini na kugonga stempu. Haikuwa hivyo, na sitakubali iandikwe hivyo.

Siku ile Bwana Mpima Mkuu alinikabidhi mnyororo wa kupimia, vigingi vya mti mgumu vya kuweka mipaka, na kibatari kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Nilicheka. Taa ya nini, na jua limewaka?

"Cheka," akasema. "Mbuzi ya jirani yangu nayo ilikuwa inacheka."

Akaniongoza hadi kwenye bonde dogo lenye majani mabichi, mahali ambapo watu wanapaita Kimya kwa sababu ndege hawatui. Aliteremsha kibatari taratibu kwa kamba. Mwali ulisimama vizuri, kisha ukainama, kisha ukazimika bila upepo wowote. Ndivyo nilivyojifunza mazuku: hewa nzito itokayo ardhini, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya mabondeni kama maji, hasa asubuhi kabla jua halijapasha nchi. Mtu mzima akisimama anaweza kupona. Mtoto, ambaye pua yake iko chini zaidi, hapati nafasi ya kulia. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa moja: taa inatangulia, karani anafuata. Palipozima taa tulipanga mawe na kuyapaka chokaa.

Nilifanya kazi hiyo hadi nilipoyajua mabonde yote tisa. Kisha nikahamishiwa gatini, kwenye mizani ya kahawa na ya sambaza, wale samaki wadogo wanaoanikwa juu ya miamba myeusi na kukauka upesi kwa joto la jiwe. Huko nilielewa uchumi wetu. Udongo wa majivu unalisha migomba na kahawa, lakini hakuna kijito hata kimoja, maana mvua hupenya katika mawe na kupotea. Sehemu tambarare ni chache mno. Nyingi zilizobaki wazi zimebaki wazi kwa sababu, na sababu hiyo haionekani kwa macho.

Nikapanda hadi kuwa Sekretari wa Komini. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote. Mkoa ulidai ramani mpya ya kisiwa. Niliichora mwenyewe, pamoja na mabonde tisa kwa wino mwekundu. Bwana Mkuu wa Komini aliitandaza mezani akakunja uso.

"Sekretari, tunaomba mashine ya kukoboa kahawa, na weye unawatumia alama tisa za kifo?"

"Ndiyo hali halisi, Bwana Mkuu."

"Watu wetu hawajui ile mabonde?"

"Wanayajua."

"Sasa unamwandikia nani? Andika: nafasi wazi."

Nikaandika nafasi wazi, mara tisa. Nikatia sahihi, nikagonga stempu. Mashine ilikuja, kahawa ikapata bei, na mimi nikajituliza kwamba mawe ya chokaa yalikuwapo.

Miaka ilipita, nikastaafu, nikamfuata binti yangu huku Bellevue, mtaa wa Johannesburg. Mwaka huu chama chetu kiliamua kujenga shule ya watoto wadogo kisiwani. Tulikutana Jumapili, baada ya ibada, katika jengo la zamani la maduka katikati ya jiji. Mwenyekiti ni Mama Neema, fundi wa nguo wa Hillbrow. Mpango uliletwa na Héritier, kijana afanyaye kazi ya ulinzi, aliyeondoka kisiwani akiwa mgongoni mwa mama yake. Alibandika ramani ukutani na kuweka kidole mahali.

"Hapa ni pazuri, hakuna mawe. Mafundi wanaanza kuchimba msingi juma hili."

Kidole kilikuwa juu ya Kimya.

Nilisimama nikasema hapafai, pana mazuku. Watu wakanong'ona. Mmoja akacheka kwamba wazee wanapenda kutisha.

"Eish, Papa Sekretari," Héritier akasema kwa upole, "mambo ya zamani tunaheshimu. Lakini hii ni ramani ya serikali. Angalia, iko na stempu."

"Stempu hiyo niliigonga mimi."

Niliwaeleza yote, kuanzia kibatari hadi wino mwekundu. Sikumtwika Bwana Mkuu mzigo wote. Yeye aliamuru, mkono ulioandika ni huu.

Mama Neema hakunilaumu wala kunifariji. "Papa, kulaumiana tutafanya kisha," alisema, akatoa simu na kumpigia fundi mkuu kisiwani. "Kesho asubuhi, mbele ya kugusa jembe, shusha kibatari pale. Utume video."

Kesho yake tulibanana katika chumba chake cha kushonea, katikati ya sare za shule zisizo na vifungo. Video ilifika. Mawe ya chokaa yalikuwa yamefunikwa na majani. Kibatari kiliteremka, mwali ukasimama, ukainama, ukazima. Héritier aliirudia mara tatu. Kisha akavua kofia.

"Papa, ningeweka watoto pale."

"Mimi ndiye niliyekuonyesha pale," nikamjibu.

Shule imejengwa juu, kwenye mteremko wa mawe. Mafundi walilalamika kweli kweli, maana iliwabidi kuvunja jabali kwa nyundo, na Héritier akaongeza zamu ili kuchangia nyundo hizo. Mimi nilipewa meza ya kukatia vitambaa. Kwa siku nne nilichora ramani upya, kwa rula na chaki ya fundi nguo kwanza, kisha kwa wino mwekundu. Nakala moja imekwenda mkoani pamoja na barua ya kukiri kosa, niliyoitia sahihi kwa jina langu lote. Nyingine imepigiliwa ukutani shuleni.

Sasa kila asubuhi mwalimu huwataka watoto wayataje mabonde kwa zamu kabla ya somo. Juzi alitutumia sauti zao. Nilisikiliza nikiwa na kalamu mkononi, kama mtu anayehakiki orodha. Walianza na Kimya, wakaendelea bila kukosea. Baada ya la tisa sauti moja nyembamba ikataja la kumi, nyuma ya kisima cha maji ya mvua, ambalo sikuwahi kulipima.

Kwanza nilikasirika. Daftari langu lilikuwa na tisa. Kisha nikampigia mwalimu.

"Mlishusha taa?"

"Tulishusha, Papa. Ilizima."

Nikafungua kidau cha wino, nikaliongeza.