Jumapili Nilipoipima Sauti ya Anga

Nakumbuka Jumamosi moja katika miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni na bado nikiishi kwa mama yangu, mtaa wa Baba Dogo. Jumatatu ningesimama mbele ya walimu wa fizikia na kaseti moja mkononi, na kaseti hiyo ndiyo ilikuwa shahada yangu.

Mwanangu, siku hizo sikukubali neno la mtu. Mhubiri nilimpinga, gazeti nililipinga, hata mama nilimdai ushahidi aliposema chai imeiva. Kitu kimoja tu sikukipinga: masikio yangu.

Nilikuwa nimetandaza waya wa shaba juu ya paa, nikauunganisha na kikuza sauti na redio kaseti. Nilikuwa nikiwinda mawimbi yanayozaliwa juu sana, kupita hewa tunayovuta, mahali ambapo sumaku ya dunia imezinasa chembe ndogo zenye umeme. Ukiyageuza mawimbi hayo kuwa sauti, hulia kama ndege, hasa alfajiri. Nami niliyasikia kila alfajiri, Jumatatu hadi Jumamosi: cwii, cwii, cwii.

Vijana wa ploti yetu ya kupanga walinitania. "Niaje Sayansi, malaika wamepiga simu?"

Baba Nekesa hakucheka. Alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa, aliyestaafu kazi ya reli, alikokuwa akitengeneza simu za stesheni. Jumamosi hiyo alikuja akaisikiliza kaseti mpaka mwisho, nami nikimsimulia habari za chembe.

"Na hizo chembe zinazokimbia hivyo," akauliza, "wimbi dogo namna hii linazisumbuaje?"

Nilimweleza kwa madaha. Chembe huzunguka mstari wa sumaku huku ikienda kaskazini na kurudi kusini, safari hiyo hiyo, bila kuanguka. Wimbi lisilolingana na mzunguko wake huipita tu, hata likiwa kubwa. Likija linalolingana nao, huisukuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka njia yake inapinda na chembe inatumbukia hewani, inapotea.

"Kumbe si nguvu. Ni kukubaliana." Akanirudishia kaseti. "Na Jumapili sauti hiyo inalia?"

"Jumapili alfajiri tunajiandaa kwenda kanisani, Mzee. Huwa sirekodi."

"Kiwanda cha plastiki hapo jirani nacho hakifanyi kazi Jumapili. Siku nyingine zote kinawashwa alfajiri."

Nikamjibu kwa ukali kwamba anga si simu za reli.

"Ni kweli," akasema. "Mimi hapo sijui kitu. Ndiyo maana nauliza."

Sikulala. Kitenge cha mama cha sherehe ya kuhitimu kwangu kilikuwa tayari kwa fundi wa nguo, na kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimeshatangaziwa. Alfajiri ya Jumapili mama alinikuta napanda ngazi ya kwenda kwenye paa.

"Simiyu! Leo unamwacha Mungu kwa sababu ya waya?"

Nyuma yake alikuwa Baba Nekesa, mtu asiyekosa ibada hata akiwa na homa, amebeba chupa ya chai. "Mama Simiyu, mtuombee huko. Leo mimi niko na huyu."

Tulisikiliza. Mvumo wa stima tu, basi. Jua likachomoza, hakuna ndege.

"Labda leo anga limetulia," nilisema. Hilo liliwezekana, maana mawimbi hayo hayaji kila siku. Mzee akanimiminia chai.

Saa tatu hivi, kutoka pale juu ya paa, tulimwona fundi wa mashine akifungua lango la kiwanda. Aliwasha mashine moja kuijaribu. Cwii, cwii, cwii. Akaizima, kimya. Akaiwasha tena, nao ndege wakarudi: waya wangu ulikuwa ukinasa umeme wa mashine, si sauti ya anga.

Mwanangu, niliwaza kunyamaza. Nani angejua? Mzee alinimiminia chai nyingine, asinitazame. Hilo lilinitisha kuliko kukemewa.

Jumatatu nilisimama nikasema ukweli. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hapa petu, karibu na ikweta, sauti hiyo ni nadra mno kufika ardhini. Ningeuliza mapema ningejua. Nilirudia kazi yote. Wenzangu wakahitimu bila mimi, na mama hakunisemesha kwa siku mbili.

Nawe unauliza kila mtu, nimekuona. Endelea kuuliza. Lakini usidhani kitakachokupinda ni kile unachobishana nacho, maana hicho umeshajihadhari nacho. Kitakuwa kitu kidogo kinachokubaliana na hamu yako, kikusukume kidogo kila siku, nawe ukiite ushahidi. Kabla hujakitangaza, itafute siku ambayo hujawahi kusikiliza, uisikilize. Na anayekuuliza swali dogo usimkaripie, huenda ameona pale usipotaka kutazama. Utaogopa. Mimi pia niliogopa.

Mungu akujalie kuvumilia kusikia usichokitaka, na siku utakapokisikia, asikuache peke yako.