Kurumbiza wa Mstari wa Nane

Yunia Mongina aliingia Kapsoit mwaka wa 1991, akitokea Nyamira, mtoto mgongoni na kikapu cha kuazima mkononi. Hadi leo anachuma chai katika shamba la Chepkemboi, na kwa miaka hiyo yote amewasoma ndege wa pale kama mtu asomavyo majirani: nani huamka mapema, nani mgomvi, nani mwizi. Mikono ya mchumaji huijua kazi yake. Macho hubaki huru.

Mwezi wa Juni mwaka jana, akiupitia mstari wa nane, vidole vyake viligusa kiota ndani ya kichaka cha chai. Mlikuwa na mayai matatu. Ndege mwenyewe, kurumbiza, alirukia mti wa jirani akamkemea. Yunia alimwomba radhi, akakifunga kichaka kile kitambaa chekundu ili wachumaji wenzake wakiruke.

Vifaranga walipokwisha kuanguliwa, alikwenda Nyamira kwa mazishi ya shangazi yake. Siku hizo ndipo bwana shamba alipopita na kufunga vitambaa vyekundu kwenye vichaka vyote vilivyooza mizizi, ving'olewe. Yunia hakuwa na habari.

Aliporudi Alhamisi asubuhi, alimkuta Kipkurui, kibarua wa kung'oa, ameinua jembe mbele ya mstari wa nane.

"Kipkurui! Hicho usikiguse!"

"Mama Yunia, si umeona nyekundu? Hiki kimeoza."

"Nyekundu hiyo nilifunga mimi."

"Wewe? Umekuwa bwana shamba tangu lini?"

"Tangu leo. Sogea."

Kipkurui alicheka, lakini jembe hakuliweka chini. "Nikiacha kimoja kibovu, ugonjwa utakula mstari mzima. Nitaulizwa mimi, si wewe."

Yunia alijua kwamba kijana anasema kweli. "Basi nipe muda nimwone mwenye shamba," alisema, akapanda mbio kuelekea nyumbani.

Chepkemboi alikuwa akikamua ng'ombe. Alimsikiliza bila kuondoa mikono kwenye chuchu.

"Umeweka alama shambani kwangu bila kuniuliza?"

"Ndiyo, mama. Nimekosa."

"Kwa sababu ya ndege."

"Wako watatu. Wameanza kuota manyoya."

Chepkemboi alimaliza kukamua, akafunika ndoo, akateremka na gambuti zake hadi mstari wa nane. Aliinama, akakwangua gome la shina kwa ukucha. Ndani mlikuwa mbichi, hamna ukungu. Kisha akatenga majani. Midomo mitatu ya manjano ilimfungukia ikidai chakula. Akayarudisha majani polepole.

"Hiki kizima," akamwambia Kipkurui. "Kiruke." Akamgeukia Yunia. "Na wewe, siku nyingine uje useme. Unadhani mimi ningekataa?"

"Kongoi, mama," Yunia akajibu, akishukuru kwa Kikipsigis.

Vifaranga waliruka siku ya tisa tangu Alhamisi ile. Tangu hapo, asubuhi nyingine, Chepkemboi husimama penye ua akaita: "Yunia! Yule mwewe mwenye mkia mwekundu, anakula nini?" Yunia huweka kikapu chini akaenda kumweleza. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiwatazama ndege peke yake. Sasa kila anapoitwa, humshukuru Mungu njiani, kabla hajafika uani.