Kiganja cha Mbuke na sado ya kabichi

Saa kumi na moja alfajiri, Mbuke Ndaki anakata kabichi katika jiko la kambi ya wachorongaji, watoboa miamba wanaotafuta madini, nje kidogo ya mji wa Kahama. Anaimimina kwenye sado, lile kopo la lita nne la kupimia sokoni, anapitisha mwiko juu ya ukingo, kisha anamwaga kwenye sufuria. Wakati wote wa kupima, mkono wa kushoto ameuchomeka nyuma, kwenye mkanda wa aproni.

"Nimeufunga usije ukanifukuzisha kazi," anasema bila kucheka.

Mama huyu wa miaka 38, ambaye wenzake humwita Mama Klara, alikuja hapa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kabla ya hapo alikuwa mama lishe kwenye machimbo madogo upande wa Ushirombo. Siku nzuri ilimwachia shilingi elfu nane, siku mbaya alirudi na wali wake.

Kambini mapishi yamebandikwa ukutani, na yote ni kwa kilo. Mzani uko stoo, na stoo hufunguliwa saa mbili, wafanyakazi wakiwa wameshaondoka na chakula chao. Kwa hiyo mtunza stoo, Violeth Maige, alimpimia siku ya kwanza, akimimina mboga mwenyewe. Sado ya karoti zilizokatwa ilitoa kilo mbili na ushee, ya kabichi kilo moja na robo, ya mchicha nusu kilo tu. Mbuke alivishika vipimo hivyo kichwani akaona mambo yameisha.

Hayakuisha. Wiki ya pili kabichi zilikwisha Jumatano, ilhali lori la mboga huja Jumamosi. Wiki ya tatu, vivyo hivyo. Watu wakala wali na maharage matupu, wakanung'unika, na maneno yakaanza kwamba kabichi zinauzwa kwa wateja wake wa zamani machimboni. Msimamizi wa kambi, Davis, akamwambia zikiisha tena kabla ya lori, afungashe virago.

"Niliumia sana kuitwa mwizi wa kabichi," anasema. "Ingekuwa nyama, afadhali."

Violeth, ambaye naye alishaanza kumshuku, aliamua kuja jikoni alfajiri moja na kusimama pembeni. Mbuke alijaza sado, akaweka kiganja juu, akashindilia, akaongeza, akashindilia tena. Stoo ilipofunguliwa wakaipeleka sado moja ya namna hiyo kwenye mzani, ikakaribia kilo mbili.

"Nikamuuliza, mayu, mbona unashindilia?" anasimulia Violeth, akimwita mama kwa Kisukuma. "Akanitazama kama nimemtukana. Akasema kwao kumpimia mtu bila kushindilia ni kumnyima."

Mbuke halikatai hilo. Kwa mama yake, huko wilayani Ushetu, mgeni hupimiwa mpaka kipimo kigome, na mkono wake ulikuwa ukifanya hivyo bila kumuuliza. Tangu siku ile anamimina tu na kusawazisha, ingawa anakiri kwamba roho inamuuma kuona nafasi tupu katikati ya vipande.

Wiki iliyopita lori lilikuta kabichi mbili zimebaki. Davis hakumtaka radhi, lakini alimwambia mwisho wa mwezi ataandikishwa ajira ya kudumu.

Hilo ndilo alilokuwa akiliombea kila Jumapili kanisani. Klara, bintiye wa miaka tisa, analelewa na bibi yake huko Ushetu tangu akiwa anatambaa, kwa sababu machimboni hapakuwa mahali pa kumlea. Sasa Mbuke amepata chumba mjini Kahama, na shule ameshaiulizia.

"Napikia watu zaidi ya mia kila siku, na mwanangu anakula chakula changu Krismasi na Pasaka," anasema, akifuta macho na kulaumu vitunguu ambavyo bado hajavikata. "Akija Januari, nataka ale mpaka akichoke."