Karatasi Ndani ya Kofia ya Ustadh

Thuwaiba hupima albamu kwa sindano. Anashona kofia hapa Amu, yaani Lamu, tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa ana thelathini na moja. Asubuhi huketi mkekani, mtandio umemfunika masikio, na chini ya mtandio kuna waya mwembamba unaoingia kwenye simu.

Muziki wa metali, anasema, ni wa ukingo wa kofia. Ngoma zikienda mbio vile mkono haupati nafasi ya kuzubaa, na mishono hutoka midogo, imebanana. Roki ya zamani anaiwekea sehemu ya juu kwa kuwa magitaa yake hayana haraka, ingawa kuna albamu moja aliyoiacha katikati: mpigaji gitaa, kwa maneno yake, "anajisikiliza mwenyewe." Hip-hop humharibia kazi. Husimamisha sindano asikie maneno, na adhuhuri hujikuta ameshona nusu ya safu. Hata hivyo albamu anayoipenda kuliko zote ni ya hip-hop, ya kijana mmoja anayesimulia mazishi ya babake kwa nyimbo kumi na moja bila kupandisha sauti.

Albamu zote ziko kwenye memori kadi niliyomletea mimi, rafiki yake, nilipomaliza chuo. Nalitaja hilo kwa sababu hofu iliyokuja baadaye ilikuwa yangu pia.

Akiacha kazi, huandika kwenye kipande cha karatasi wimbo aliofikia na maoni yake, kisha hukichomeka kati ya vitambaa viwili vya kofia, pale sindano iliposimama. Kesho yake hukitoa, akaanzia hapo hapo. Alifanya hivyo miaka mitatu bila kukosea.

Jumatatu moja alikuja kwetu amevaa ndara mbili zisizofanana.

"Kuna karatasi sikuitoa," alisema.

"Kofia ya nani?"

"Ya Ustadh Abdulghafur."

Nilikaa chini. Ustadh ndiye mkuu wa madrasa ambako Thuwaiba hufundisha wasichana wadogo kila baada ya alasiri. Mwaka juzi alimwondoa mwalimu mmoja kwa sababu simu yake ililia wimbo darasani. Thuwaiba hana mtoto. Wale wasichana kumi na tisa huwaita wanangu, na akiugua mmoja, yeye hakosi usingizi peke yake. Hunikosesha na mimi.

Tulikwenda kwanza kwa Bi Mwanatumu, anayezifua kofia za Ustadh na kuzitia wanga.

"Nimempa Ustadh yana Jumapili," alisema Bi Mwanatumu. "Na kile kikaratasi nilikiona. Nikasema hii ni hirizi ya mtu, haifai kuroa. Nikaitoa, nikafua, nikairudisha, nikaishonea isianguke."

"Umeishonea?"

"Kwa uzi mara mbili. Ustadh mwenyewe hirizi hazitaki, najua. Lakini hirizi ya mtu haitupwi, mwanangu. Mbona waniangalia mato yamekutoka?"

Njiani Thuwaiba alitembea akigusa ukuta kwa vidole.

"Mwambie ni hirizi kweli," nilimnong'oneza.

"Kwa hirizi atanifukuza leo. Kwa muziki labda angoje hadi kesho."

Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

Bi Jamila, mke wa Ustadh, alitukaribisha dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Ustadh akatoka, kofia kichwani, nyeupe, imesimama vizuri. Sikuweza kuangalia kitu kingine.

"Ustadh, kofia hiyo ina mshono mbaya," Thuwaiba alisema. "Naomba niirudie."

"Upi? Mimi naiona imenyooka." Aliivua, akapitisha kidole gumba ukingoni polepole. Kidole kikasimama. "Hapa pana kitu. Nani amenitilia hirizi?"

"Si hirizi, Ustadh. Ni karatasi yangu ya kazi."

"Jamila, lete wembe."

Thuwaiba alifumua mwenyewe. Karatasi ilipotoka Ustadh alipapasa mfuko wa kanzu.

"Miwani nimeiacha ndani. Nisomee."

Angeweza kusoma chochote. Niliomba asome chochote. Lakini huyu ndiye anayewaambia watoto kila siku kwamba uongo huanza mdomoni na kumalizikia usoni, na uso wake ulikuwa umeshaloa jasho. Akasoma ilivyo.

"Albamu ya wale wa metali, wimbo wa sita. Mwimbaji analia kama punda aliyefungwa juani, lakini kifo anakiogopa kweli, hajifanyi. Nimeurudia mara nne."

Bi Jamila aliangalia sakafu.

"Ulikuwa unasikiliza hayo ukinishonea kofia?"

"Naam, Ustadh."

"Umejuaje kwamba hajifanyi?"

Sidhani Thuwaiba alilitazamia swali hilo. Alijibu kwa sauti ndogo sana. "Kwa pumzi. Anayejifanya huvuta pumzi mahali pake. Huyu inamkatikia."

Ustadh alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Kesho nitakaa nyuma ya darasa lako," alisema. "Kofia ishone hapa hapa."

Siku ya pili alikaa nyuma kweli, na Thuwaiba alinieleza kwamba alisahau majina ya wanafunzi wawili. Sumeiya, mwenye miaka minane, alisoma Kurani. Thuwaiba akamsimamisha: pumzi umeivuta kabla ya wakati, rudia. Akarudia. Akamsimamisha tena. Mara ya tatu ikakaa sawa. Ustadh akainuka, akasema, "Endeleeni," akaondoka.

Hajasema zaidi, na imepita miezi miwili. Karatasi hakuirudisha. Thuwaiba angali anafundisha. Albamu bado anasikiliza, ila haandiki tena. Maoni huniambia mimi kwa kunong'ona, na waya huutia sikio moja tu. Jingine ameliachia mlango.