Jina Jipya Lina Hamsini

Fomula niliitunga mimi, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri. Nafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Lubumbashi. Ofisi ya zabuni za serikali iliponiita, niliambiwa kazi yenyewe ni ndogo: kumpa kila mkandarasi alama ya sifa yake, kuanzia sifuri mpaka mia, ili madaraja na mifereji visiendelee kugawiwa kwa kujuana. Mkurugenzi alisema kompyuta haina shemeji. Nilifurahi mno. Ukikaa miaka unafundisha wastani kwa wanafunzi wanaosinzia, halafu serikali yenyewe ikaja kukuomba wastani, lazima kichwa kivimbe.

Basi nikatunga. Kazi iliyomalizika kwa wakati inaongeza alama, malalamiko ya wananchi yanapunguza. Kampuni mpya, ambayo haijajenga chochote, haina sifa nzuri wala mbaya, kwa hiyo nikaipa hamsini juu ya mia. Kihesabu hiyo ni haki tupu: mtu usiyemjua unamweka katikati, unangoja. Nilieleza hilo mbele ya wakubwa, wakapiga makofi, tukanywa soda.

Sasa, kaka yangu mkubwa ni mkandarasi. Nilikuwa nimemwambia mkurugenzi mapema, akacheka, akaniuliza katika mji huu ni nani asiye na ndugu mkandarasi. Kampuni ya kaka ilikuwa na jina la mama yetu. Mama alikuja kutoka Kasai akiwa msichana, akafanya biashara ya unga kule Mokambo, mpakani, na faida ya unga ule ndiyo iliyomnunulia kaka kalibu zake za kwanza za matofali. Kwa hiyo jina la mama lilikuwa kwenye mlango wa lori, kwa rangi nyekundu, na chini yake namba ya simu.

Namba ile ndiyo iliyomponza. Kaka akijenga ukuta Kampemba, ukapata ufa, watu wanampigia, naye anakuja anauziba. Lakini wenye bidii walipiga na ofisi ya zabuni pia, na huko kila simu iliandikwa kuwa lalamiko. Nafasi ya kuandika kwamba ufa umezibwa sikuiweka kwenye fomula. Nani angefikiri mkandarasi atarudi? Mama yetu, Mungu amlaze pema, alitoka kwenye kompyuta na thelathini na moja.

Jirani wa kaka, mkandarasi mwingine, ambaye mfereji wake ulibebwa na mvua kabla haujakauka vizuri, alipata hamsini. Nilidhani mashine imekosea. Nilipochunguza nikakuta kwamba kila mvua zikiisha anaifunga kampuni yake na kusajili nyingine. Mara ina jina la mkewe, mara la kifungua mimba wake, na safari hii aliipa jina kutoka Zaburi. Kila mwaka anazaliwa upya na hamsini zake mkononi. Simu yake haipatikani, kwa hiyo hata kulalamika watu walishachoka. Nilikwenda kwa mkurugenzi nimefura kwa hasira. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema fomula imeshatiwa sahihi huko juu, na kuibadilisha kunahitaji zabuni.

Ndipo ikatangazwa kazi ya daraja dogo la mto Naviundu. Kaka alikuwa amekaa miezi bila kazi. Mafundi wake walikuwa wanakuja asubuhi, wanakaa uani, wanarudi makwao. Asipolipata daraja lile, angeuza lori, na mkandarasi asiye na lori ni mtu tu mwenye kofia ya plastiki. Nilimfuata kwake Jumapili baada ya misa.

"Yaya," nilimwambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa hivyo, "ubadirishe jina ya société. Ukiwa mupya, uko na makumi tano."

"Juu ya nini? Niliiba?"

"Hapana. Ni juu jina ya mama iko na makumi tatu na moja."

Aliweka kikombe chini. "Mama? Nani alimupatia makumi tatu na moja?"

"Fomule."

"Na fomule, nani aliitengeneza?"

Nilianza kumweleza kihesabu. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kama anavyomwacha fundi aliyekosea saruji amalize visingizio vyake. Kisha akainuka, akaenda kula.

Siku chache baadaye nilikuta lori limepakwa upya. Jina la mama halikuwepo. Lilikuwepo langu, lote, pamoja na la ubatizo, kwa rangi ileile nyekundu.

"Ulisema inaomba jina mupya," kaka alisema, huku akisafisha brashi. "Ya kwako haiyajenga hata choo. Iko mupya kabisa."

Siku ya kufungua bahasha, jedwali langu lilionyeshwa ukutani. Jina langu, hamsini. Zaburi ya jirani, hamsini. Wajumbe waliniangalia, mimi nikaangalia dari. Alama zikilingana, kanuni inasema bei ya chini ndiyo inayoshinda; hiyo nayo niliipendekeza mimi, niliiona safi. Bei ya jirani ilikuwa chini. Ingekosaje kuwa chini, na saruji yenyewe anaitia kwa kunyunyiza?

Kaka hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Aliwaaga mafundi mmoja mmoja, akamuuzia lori mfanyabiashara wa mkaa, ambaye hakujisumbua kufuta chochote.

Nilikutana nalo Kampemba. Lilikuwa limeinama upande mmoja kwa uzito wa magunia, linatoa moshi mweusi, polisi wa barabarani amelisimamisha, dereva anabishana naye, na jina langu liko pale mlangoni, kila anayepita analisoma. Nilitamani kujificha. Palepale nikampigia kaka simu, nikamfokea kwamba angalau angelifuta kabla ya kuuza, kwamba mji huu watu wananijua, kwamba hii ni aibu ya bure.

Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mudogo," akasema polepole, "ulipenda niache jina ya mama pale?"