Shukrani Yangu Ndani ya Jalada

Katika ofisi ya ustawi wa jamii hapa Tabora kuna jalada la mjukuu wangu, na ndani yake ipo sentensi iliyotoka kinywani mwangu: "Babu wa mtoto anathibitisha kuwa mtoto hajakosa kitu." Nimekuwa katekista tangu ujana. Sijawahi kutamka neno lililomgharimu mtoto kama hilo.

Binti yangu aliachana na mumewe, akarudi kwangu Ntalikwa na mtoto wa miaka saba mwenye ugonjwa wa siko seli. Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kupigwa na baridi wala kukaa na kiu, na kliniki ni kila mwezi. Baba yake yuko Ziba. Ana mashine ya kusaga, ana ng'ombe, ana mke mwingine na watoto wawili. Mwaka mzima hakutuma hata sabuni. Binti yangu, anayeuza chapati stendi, akaenda kumshtaki ustawi. Alitaka kitu kimoja tu: baba achangie kliniki.

Afisa alikuwa msichana niliyemfundisha komunyo ya kwanza. Alinipa kiti, akaniita mwalimu, kisha akatueleza jinsi matunzo yanavyopigiwa hesabu. Anatazama kipato cha baba na cha mama, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Akaorodhesha kwenye karatasi: chakula, malazi, shule, mavazi, matibabu. Kila kimoja kingewekewa kiasi, na wazazi wagawane kwa uwezo wao.

Mkwe wangu, baba wa mtoto, naye alikuwa ameitwa; akavua kofia. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mzee huyu ni mcha Mungu, hasemi uongo. Aulizwe yeye kama mtoto analala njaa."

Afisa akanigeukia. "Mwalimu, mtoto anaendeleaje nyumbani?"

Nikajibu kama nilivyojibu maisha yangu yote. "Tunamshukuru Mungu. Anakula, analala pazuri, dawa anapata. Hajakosa kitu."

"Na kliniki?"

"Hatujaruka hata mwezi mmoja, kwa neema yake."

Ilikuwa kweli. Sikusema kwamba neema hiyo ilikuwa mbuzi wangu watatu, niliowauza mmoja mmoja, na karanga nilizokuwa nimeziweka kwa mbegu. Nilifundishwa, nami nikafundisha wengine, kwamba anayetoa hatangazi. Afisa akaandika maneno yangu. Akakata chakula, akakata malazi. Kalamu ilisimama kidogo kwenye matibabu, halafu ikayakata nayo. Yakabaki madaftari na nguo. Baba alipangiwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, akatia saini kabla wino wa afisa haujakauka. Binti yangu naye akatia, maana angempingaje baba yake mzazi mbele za watu?

Nje hakulia. "Baba," alisema, "leo umemlipia yule mwanamume."

Mwezi wa saba baridi ilimkamata mtoto kwenye viungo, akalazwa. Niliuza baiskeli. Alipotoka hospitali, nilirudi ofisini peke yangu.

"Nimekuja ile sentensi yangu ifutwe."

"Kwani ulidanganya, mwalimu?"

"Hapana."

"Sasa nifute nini?"

Hakunidhihaki. Aliuliza kwa heshima, na hilo ndilo lililoniuma. Akanielekeza kwamba binti yangu aombe hesabu ipitiwe upya, na tulete risiti. Risiti gani? Karatasi za kliniki tulikuwa tukiwashia moto. Nikazunguka kwa watu walionunua mbuzi wangu, nikiwaomba waandike kwamba waliwanunua. Mmoja, mwenzangu wa jumuiya ya kanisa, alinitazama sana. "Mwalimu, kumbe mbuzi huyu ndiye ile pesa ya kliniki uliyosimama jumuiyani ukamshukuru Mungu kwayo?" Kisha akaandika.

Siku ya kikao cha pili mkwe wangu alinisubiri niketi. "Mara ile Mungu alikuwa anawalisha," alisema. "Siku hizi amehama Ntalikwa?" Waliokuwa mlangoni wakisubiri zamu wakacheka.

Nilishika fimbo kwa mikono miwili. "Mtoto anakosa," nilisema. "Kliniki ijayo sina cha kuuza." Maneno machache hayo yalinitoka kwa shida kuliko maungamo yoyote niliyowahi kufanya.

Afisa alisoma karatasi za wanunuzi, akarudisha matibabu kwenye orodha. Baba alipe theluthi mbili, kuanzia siku ile. Niliuliza kuhusu miezi iliyopita. Akasema ile ilikwisha, kwa sababu mimi mwenyewe nilisema hapakuwa na upungufu. Kwa hiyo mbuzi wangu hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Baba analipa, kwa kuchelewa, na mtoto anakwenda kliniki. Kwa hilo nashukuru, lakini siku hizi nikishukuru namtafuta kwanza kwa macho mtu mwenye kalamu. Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Mama mwenyekiti akauliza nani ana shukrani, na wote wakanielekea, kwa mazoea. Nikashukuru kwa mvua, nikaketi.

Mjukuu wangu akanivuta mkono wa shati. "Babu, mbona hujasema nimepona?"

Nikamnong'oneza kwamba tutasema sisi wawili, chumbani, wageni wakishaondoka.